Mirathi ya Nyumbani, Benefiti za Huku

Maneno haya niliyasema Jumapili moja alasiri mbele ya Waswahili wenzangu tunaoishi Uingereza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani, nikaongeza hesabu nilizoulizwa baadaye wakati wa chai.

Assalaam alaykum, na wote mliofika, hamjambo. Wazee wangu, shikamooni.

Simu ya usiku hakuna asiyeijua humu ndani. Ikilia saa tisa za usiku na namba inaanzia 254 au 255, mkono hutetemeka kabla ya kuipokea. Hiyo ni simu ya kwanza. Tunalia, tunasoma khitma, tunachanga, mwenye uwezo anapanda ndege. Lakini kuna simu ya pili. Hii huja baada ya arubaini, pengine baada ya miaka miwili, wala haimtishi mtu: "Dada, nyumba ya marehemu tumeshaiuza. Fungu lako tulitume wapi?" Nimekuja kuzungumza juu ya simu hiyo ya pili. Kwa miaka mingi ya kuwasaidia watu kujaza fomu na kusoma barua za serikali, nimeona familia zilizoipokea kwa furaha, na mwaka uliofuata zikawa na deni la kodi ya nyumba na barua nyekundu mlangoni.

Mimi si wakili. Ninayoyasema ni yale ambayo kila mtu anayelipwa benefiti, yaani msaada wa serikali kama Universal Credit ya wenye kipato kidogo au Pension Credit ya wazee wenye kipato kidogo, angepaswa kuambiwa kwa lugha yake, na hakuambiwa.

Tatizo letu, kama nilivyoliona, linaanzia kwenye neno moja: mali. Kwetu, mali ya marehemu ni jambo la watu wengi. Ni ya watoto, ya mjane, ya bibi aliyebaki, ya shangazi aliyemuuguza, na hata aliyepewa fungu lake hujua kwamba nusu ina wenyewe wanaoisubiri. Serikali ya huku haiulizi hivyo. Inauliza: wewe, kwa jina lako, leo una kiasi gani? Maswali hayo mawili hayalingani, na mtu akijibu la pili kwa akili ya la kwanza, anaumia.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutakuwa tunapiga soga.

Kwa Universal Credit, akiba na mali yako ikiwa pauni 6,000 au chini yake, hakuna kinachokatwa. Ikivuka pauni 16,000, malipo yanasimama yote. Kati ya hapo, kila pauni 250 zilizozidi ile 6,000, hata kipande cha 250, serikali inahesabu kana kwamba zinakuletea pauni 4.35 kwa mwezi, na kiasi hicho kinapunguzwa kwenye malipo yako. Chukua mfano wa mtu mwenye pauni 9,100. Amezidi kwa 3,100. Ukigawanya kwa 250 unapata mafungu kumi na mawili na kipande, na kipande kinahesabiwa fungu zima, kwa hiyo kumi na matatu. Zidisha kwa 4.35: pauni 56 na senti 55 kila mwezi. Hakuna benki inayotoa faida ya namna hiyo kwa pesa hizo, lakini ndivyo sheria inavyohesabu. Na viwango hivi viwili, 6,000 na 16,000, havijasogea kwa takriban miaka ishirini, ingawa bei ya unga, ya umeme na ya chumba imepanda mara ngapi tangu hapo. Nasema wazi kwamba naona hili ni dhuluma kwa watu wa kipato cha chini, na wale wanaomwandikia mbunge wao wasiache kulitaja.

Mke na mume wanaodai pamoja wana kikomo kimoja. Hapa Waislamu wengi hushtuka, kwa sababu katika dini yetu mali ya mke ni ya mke, mume hana amri nayo. Ni kweli, na iendelee kuwa kweli nyumbani kwenu. Lakini mama akirithi pauni 17,000 kutoka kwa baba yake, dai la nyumba nzima linafungwa, hata kama mume hajaishika senti moja. Urithi wa mtoto mdogo ni tofauti: pesa ambazo ni mali ya mtoto mwenyewe hazihesabiwi kwenye Universal Credit ya wazazi. Ziwekeni kwa jina lake, msizichanganye na za kwenu.

Wazee wenye Pension Credit wana nafuu. Pauni 10,000 za kwanza haziguswi. Baada ya hapo, kila pauni 500 au kipande chake zinahesabiwa pauni moja ya kipato kwa wiki, na hakuna kikomo cha juu kinachofunga mlango. Mzee mwenye pauni 14,200 anahesabiwa pauni tisa kwa wiki. Anaweza kubaki na Pension Credit yake, imepungua kidogo tu.

Na kuna malipo ambayo urithi hauyagusi kabisa, hata ukirithi jumba zima: PIP ya wenye ulemavu, na ile ya Scotland iliyochukua nafasi yake, Attendance Allowance ya wazee wanaohitaji kuangaliwa, Carer's Allowance ya wanaomwangalia mgonjwa au mlemavu, Child Benefit ya wenye watoto, na pensheni ya kawaida ya serikali. Nalirudia hili kwa sababu nimeona mama aliyeacha mwenyewe kudai PIP ya mwanawe kwa kuogopa kwamba kipande cha shamba alichorithi kitaonekana. Miezi yote ile mtoto amekosa haki yake bure.

Sasa niwape kisa, na jina la mwenyewe litabaki moyoni mwangu.

Mama mmoja wa Pwani alikuwa na ndugu watatu: kaka wawili na dada mmoja. Baba yao alifariki, mama yao alikuwa ametangulia. Nyumba ikauzwa, na baada ya madeni na gharama zote zikabaki pesa sawa na pauni 30,000. Kadhi akagawa kwa sheria tunayoijua, mtoto wa kiume fungu la wawili wa kike: kaka kila mmoja pauni 10,000, dada kila mmoja pauni 5,000. Lakini watatu kati yao wanaishi huku, na wa nne alikuwa njiani kuja. Wakaona kutuma mara nne ni kupoteza ada. Wakakubaliana kwa nia njema kabisa: tutume zote kwenye akaunti ya dada mkubwa, yeye ndiye mwaminifu, atagawa.

Akagawa kweli. Lakini mmoja alikuwa hajafungua akaunti ya benki, mwingine alisema nishikie tu mpaka nihame. Pesa zikakaa miezi minne. Mama hakusema kitu kwa ofisi ya benefiti, kwa sababu kichwani mwake zile hazikuwa pesa zake. Ilikuwa amana. Na amana kwetu huisogezi, huitumii, huitangazi.

Kisha barua ikaja: tumeona ulikuwa na pauni 30,000. Universal Credit ikasimamishwa, na ile ya miezi minne iliyopita ikaambiwa irudishwe yote.

Nilipokaa naye, niligundua kwamba sheria yenyewe ilikuwa upande wake. Pesa unazowashikia wengine si mali yako, hata zikiwa ndani ya akaunti yenye jina lako. Kilichokosekana ni ushahidi. Na hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Mali ikiwa ya watu kadhaa, na hakuna uthibitisho mwingine, sheria ya Universal Credit inachukulia kwamba kila mmoja ana fungu sawa. Kwa ndugu wanne, 30,000 ingekuwa 7,500 kila mmoja, naye angekatwa pauni 26 na senti 10 kwa mwezi. Lakini uthibitisho ulikuwepo! Karatasi ya kadhi, yenye muhuri, iliyosema fungu lake ni moja katika sita. Pauni 5,000. Chini ya 6,000. Hakustahili kukatwa hata senti.

Tuliipeleka karatasi ile kwa mfasiri, tukaambatanisha taarifa ya benki na jumbe za simu ambamo ndugu wanaulizana "langu lipo?". Tukaomba uamuzi uangaliwe upya. Ulibadilishwa, lakini baada ya miezi mitano, na katika miezi hiyo mitano alikopa kwa majirani ili alipe pango. Siwezi kuisahau sura yake akiniuliza, "Kwani mimi nimeiba nini?"

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba amana bila karatasi, katika nchi hii, inageuka kuwa mali yako. Kwa hiyo fungu la kila mtu litumwe kwa mwenyewe, hata kama ada itakuwa kubwa. Kama haiwezekani, andikeni kabla pesa hazijatumwa: hizi ni za fulani, fulani na fulani, kiasi hiki na hiki, wote watie sahihi, na tarehe iwepo. Karatasi iliyoandikwa baada ya barua ya serikali kufika haina nguvu kama iliyoandikwa kabla. Na neno hili liwafikie pia wanaoshika pesa za upatu na za kuzika.

Walio na mirathi ya Tanzania Bara, hifadhini barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi na orodha ya mgawanyo aliyoiwasilisha. Kenya, Zanzibar, vivyo hivyo: kila karatasi ya mahakama ina thamani huku.

Na nyumba ambayo haijauzwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na watu huliuliza kwa sauti ya chini. Nyumba iliyopo Mombasa, Tanga au Unguja, ambayo una fungu ndani yake, ni mali yako mbele ya sheria ya huku. Kuwa ng'ambo hakuifichi wala hakuisamehe. Lakini msikimbilie kukata tamaa, kwa sababu namna inavyothaminiwa ina mengi ya kuwasaidia.

Kwanza, kinachothaminiwa ni fungu lako, na thamani yake ni ile ambayo mnunuzi angekubali kulilipia sokoni huko iliko. Fikirini. Nani atanunua moja ya nane ya nyumba ya Mji wa Kale ambayo mjane anaishi chini, kaka na wanawe wanaishi juu, na hakuna aliye tayari kuhama? Moja ya nane ya bei ya nyumba nzima ni hesabu ya darasani. Bei ya kweli ya fungu lile inaweza kuwa ndogo mno. Mtafute mthamini wa huko aandike hivyo, kwa sababu usipoleta thamani yako, utaletewa ya kwao. Kisha, kama kuuza kungekuwa na gharama, asilimia kumi inatolewa, na deni lililowekwa juu ya nyumba hiyo linatolewa pia.

Pili, nyumba anamokaa ndugu yako wa karibu, kama mzazi, kaka, dada au mtoto, haihesabiwi kabisa ikiwa ndugu huyo amefikia umri wa pensheni wa huku, ambao ni miaka 66 na unapanda kuelekea 67, au ikiwa ana maradhi au ulemavu unaomzuia kufanya kazi. Wangapi humu wana fungu katika nyumba anamoishi mama mzee? Kifungu hiki ni chenu, kitajeni.

Tatu, mkiwa mmeanza kweli kuiuza, mmempa dalali na mna ushahidi, inaweza kuachwa nje ya hesabu kwa miezi sita, na zaidi ya hapo kukiwa na sababu ya maana. Wanaojua mashauri ya ardhi kwetu yanavyochukua muda watanielewa kwa nini nasema hifadhi kila karatasi ya kesi.

Kodi ya wapangaji ikiingia kutoka nyumba hiyo, itajwe nayo. Dhahabu ya mama, zile bangili na mikufu uliyoachiwa, ni vitu vya mtu binafsi na kwa kawaida havihesabiwi, ila usiende kugeuza pesa taslimu kuwa dhahabu ukidhani umepata njia. Hiyo inatuleta kwenye jambo zito.

Mtu anapata pauni 20,000, anasikia habari ya 16,000, na wiki hiyohiyo anampelekea kaka yake 8,000 ajenge. Anabaki na 12,000, anajiona salama. Ofisi itamuuliza: ulizitoa kwa nini? Wakiona kwamba sababu mojawapo kubwa ilikuwa kubaki kwenye benefiti, watamhesabia 20,000 ileile, kana kwamba bado zimo mfukoni. Zile 8,000 hana, na benefiti hana. Hali hiyo haidumu milele, kwa sababu kiasi hicho cha kudhaniwa kinapunguzwa kila mwezi kwa kadiri ya malipo aliyoyakosa, lakini miezi hiyo ni mirefu kwa mwenye watoto.

Kukataa urithi, au kuandika upya mgawanyo ili fungu lako liende kwa mwingine, kunaweza kuangaliwa kwa jicho hilohilo. Mtu akikwambia kwamba ndani ya miaka miwili tangu kifo unaweza kubadili wosia kwa hati, anasema kweli kuhusu kodi ya urithi ya nchi hii. Benefiti ni mlango mwingine.

Lakini kutumia pesa zako si kosa! Naomba hili lisikike vizuri, kwa sababu hofu nayo ina madhara yake. Kulipa deni lako kunaruhusiwa wazi na sheria ya Universal Credit. Kununua vitu na huduma kwa kiasi kinachofaa hali yako kunaruhusiwa: kitanda, friji, gari la kumpeleka mtoto hospitali, ukarabati wa nyumba. Deni la ndugu nalo ni deni, mradi uweze kulionyesha. Ujumbe wa M-Pesa wa siku alipokukopesha, risiti ya hawala, barua. Hija? Mnaniuliza sana. Siwezi kuwapa ndiyo au hapana moja kwa wote. Aliyekuwa ameweka nia na kuanza kujiandikisha kabla hajarithi yuko mahali tofauti na aliyechukua watu wanne wa familia mwezi uleule pesa zilipoingia. Muulize mshauri kabla ya kulipa, wala si baada ya kurudi.

Na kumpelekea mama mgonjwa pesa za matibabu? Hapo naumia, kwa sababu hakuna Mswahili atakayekaa na pesa benki huku mamake analazwa sakafuni. Tuma. Lakini andika kwa nini unatuma, hifadhi karatasi za hospitali, na uitaarifu ofisi. Sababu yako ya kweli ikiandikwa siku ileile, ni kinga.

Lini useme? Kwa kawaida fungu halianzi kuwa lako siku ya mazishi. Mirathi ikiwa bado inasimamiwa, madeni yanalipwa, warithi wanatafutwa, hujawa na pesa mkononi. Lakini fungu likishatoka, pesa zikishafika au zinakusubiri wewe tu uziombe, ingia kwenye akaunti yako ya Universal Credit na uandike kwenye daftari la mtandaoni: nimerithi kiasi hiki, tarehe hii, kutoka kwa marehemu baba. Usimwambie mshauri wa kazi kwa mdomo peke yake. Maneno hayana tarehe. Piga picha ya ulichoandika. Ukilipwa zaidi ya haki yako, watakudai hata kama kosa ni lao, hivyo usikae kimya ukisema wameona wenyewe.

Dai likifungwa kwa kuzidi 16,000, hukufukuzwa nchini. Unaishi kwa pesa zako, unaweka risiti, na ukishuka chini ya kikomo unadai upya. Ujue tu kwamba Universal Credit ikifungwa, vingine vinavyoitegemea, kama punguzo la kodi ya halmashauri na chakula cha bure cha watoto shuleni, vinaweza kwenda nayo. Pangeni bajeti kwa kuvihesabu hivyo.

Uamuzi usipokuridhisha, una mwezi mmoja kuomba uangaliwe upya, na wakikataa, mwezi mwingine kukata rufaa mbele ya baraza huru. Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri, na vituo vya sheria vya jamii havikutozi.

Jambo la safari. Mwenye Universal Credit anaweza kuwa nje ya nchi kwa mwezi mmoja bila kukatwa. Safari ikiwa ya kifo cha ndugu wa karibu, na si haki kumtarajia arudi ndani ya mwezi huo, inaweza kuongezwa mwezi wa pili. Wenye Pension Credit wana wiki nne, na kwa msiba zinaweza kufika nane. Arubaini inaingia humo. Taarifuni kabla ya kupanda ndege, na mchukue nakala ya cheti cha kifo mkirudi.

Na wazazi wenye mtoto mwenye ulemavu anayeishi kwa benefiti, nawasihi. Mkimwachia fungu mkononi moja kwa moja, mnaweza kumfungia malipo yake siku mliyokusudia kumsaidia. Wakili anaweza kuandika katika wosia kwamba pesa zishikwe na wadhamini wenye uhuru wa kuamua wampe nini na lini, na pesa zilizo kwa wadhamini wa namna hiyo hazihesabiwi kuwa zake. Waislamu, kaeni na wakili pamoja na sheikh, ili haki za mirathi na haki za mtoto zisigongane. Fanyeni hivyo mkiwa wazima, mnazungumza.

Nimeona mikono miwili mitatu imeinuka huko nyuma, na najua wengine mna barua kwenye mikoba. Kuna meza mbili pale dirishani, na wenzangu watatu wataketi nazo mpaka saa kumi na mbili. Barua zenye tarehe ya wiki hizi nne zilizopita zitangulie, kwa sababu ya ule mwezi mmoja. Mama mwenye mtandio wa kijani, wewe uliniambia barua yako ni ya tarehe tatu. Njoo uanze.